Gari Lililomzidi Fahali

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa nikifuta viti vya ukumbi wa Idara ya Kufilisika kwa Heshima. Ni viti vya plastiki, vyeupe, arobaini kwa hesabu. Nilianzia safu ya mbele wanapokaa wajumbe, nikamalizia safu ya nyuma wanapokaa waliofilisika, kisha nikanawa mikono, nikachukua daftari langu la ukarani na kuwangoja wakubwa. Wakubwa wetu hawachelewi. Saa ya ukutani ilisimamishwa kwenye saa mbili kamili mwaka ule Idara ilipozinduliwa, na tangu hapo hakuna aliyewahi kufika baada ya hapo.

Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa kwenye kiti cha ishirini na sita niliposikia honi getini.

Katika nchi yetu muflisi huja kwa miguu. Si sheria, ni adabu tu. Hata mwenye nauli hushuka mbali kidogo, akatia vumbi viatuni, akaingia amechoka kama inavyompasa. Kwa hiyo askari wa getini alipoona gari alifungua daftari lake, akatafuta mahali pa kuandika. Alikuta swali moja tu, “Amekuja kwa miguu?”, na chini yake nafasi mbili za kuweka alama: Ndiyo, na Ndiyo. Akaweka alama kwenye Ndiyo ya pili, iliyoelekea kuwa na mashaka zaidi, akafungua geti.

Kikaingia kigari kidogo cha mizigo, kile watu wanachokiita kirikuu, cha rangi ya bluu, kimeng'arishwa hata askari alijiona ubavuni mwake akaiweka kofia vizuri. Nyuma ya usukani alikuwa Bi Stamili Kibwana, mjane wa miaka sitini hivi, kanga begani. Alishuka, akamsalimu askari, akamsalimu mfagizi, akanifikia mimi mlangoni na kitambaa changu mkononi. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Nimekuja kufilisika, kama si usumbufu.”

Kisha akavitazama viti, akasema naona mnavitunza. Nikainamisha macho. Chini ya kila kiti katika ukumbi ule, kwa rangi ya kijani, pameandikwa S.K. Mtu afutaye viti kila siku huyajua mambo ya chini yake.

*

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali liko kwenye ukarabati. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani ambako watu hawafilisiki ovyo ovyo. Ni haki nieleze jinsi mtu mwangalifu kama Bi Stamili alivyofikishwa pale.

Alikuwa akikodisha viti na maturubai kwa shughuli za watu: harusi, hitima, vikao vya wazazi. Alikuwa na viti mia tatu. Miaka minne iliyopita Wizara ya Sherehe ilivikodi vyote kwa siku moja, kwa maadhimisho ya Siku ya Kubana Matumizi, ambayo mwaka ule iliadhimishwa kwa siku kumi na moja. Hotuba ya kufunga haijatangazwa rasmi kuwa imekwisha. Kisheria, basi, sherehe inaendelea na viti bado viko kazini. Vikagawanywa maofisini, na arobaini vikaja kwetu.

Bi Stamili alikopa benki, akanunua vingine mia na hamsini ili watu wa mtaani kwake wasikae chini misibani. Wizara iliposikia ana viti vipya ilifurahi mno. Ikamwandikia barua ya pongezi, na waliopeleka barua wakarudi na viti.

Mtu mwingine angedai. Lakini Bi Stamili alilelewa katika nyumba ambamo mgeni akishakaa hainuliwi. Huinuka mwenyewe, na akiinuka mwenyewe ndipo mwenyeji anaweza kukisogeza kiti. Alichofanya ni kuja kutujulia hali, kila mwezi, kwa miaka minne. Alikaribishwa kwenye kiti chake mwenyewe, akanywa chai, akawaulizia watoto wa kila mtu kwa majina, na mwisho, wakati wa kuaga, akauliza kwa upole: “Na viti, vinaendeleaje?”

Kamishna wetu, Mheshimiwa Dakta Dakta Kasembe (udaktari wa pili alitunukiwa kwa kuutumia vizuri ule wa kwanza), alimjibu kila mara kwamba havijambo, vinamsalimu. Bi Stamili alishukuru, akaenda zake. Mazungumzo hayo Kamishna aliyaweka katika ripoti ya mwaka, kama mfano wa uhusiano mwema kati ya Serikali na wananchi.

Benki haikuwa na malezi kama hayo. Ilitaka fedha zake, na Bi Stamili hakuwa nazo. Alichobakiwa nacho ni kile kirikuu. Alikilipia kwa miaka saba, na stakabadhi ya mwisho aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Ombi lake lilikuwa moja: afilisiwe kila kitu, abaki na gari. Angebeba mchanga, magodoro, masufuria ya wapishi, chochote. Akiwa na gari atakula. Bila gari, aliniambia siku ile huku akijaza fomu kwa mwandiko wa kwenye fomu za shule, atakuwa mzigo kwa binti yake, na binti yake ana mizigo yake.

*

Sheria yetu ina huruma. Kifungu cha Kumi na Saba kinasema muflisi ataruhusiwa kubaki na gari moja alilokwisha kulilipia, mradi thamani yake isizidi ya fahali mmoja wa wastani.

Dirisha la kwanza ni la ushauri. Huko Bi Stamili alielezwa kwamba amekosea sana kumaliza kulilipia gari. Angebakiza hata malipo ya mwezi mmoja, gari lingekuwa bado mali ya aliyemkopesha, na Idara isingethubutu kuligusa. Sasa kwa kuwa ni lake, linaweza kuchukuliwa. Mshauri alimwomba siku nyingine asiwe na pupa ya kulipa. Bi Stamili alimshukuru kwa kumfumbua macho.

Dirisha la nne hutoa cheti cha uzima wa gari, maana Serikali haiwezi kumwachia mtu mnyonge gari bovu likamwongezea shida. Dirisha la tano hutoa cheti cha ubovu wa gari hilo hilo, maana Serikali haiwezi kumwachia muflisi kitu chenye thamani. Vyote viwili hutakiwa, na vyote viwili hutolewa na Bwana Hizza, Mthamini Mkuu. Dirishani pa nne huvaa kofia. Pa tano huivua.

Pa nne, Bwana Hizza alilizunguka gari mara moja akaandika kwamba ni zima kabisa, injini inaimba. Bi Stamili akakibeba cheti hatua tatu hadi dirisha la tano, akamsalimu upya Bwana Hizza asiye na kofia. Huyu alikisoma cheti, akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyeandika maneno mazito namna ile.

Bi Stamili aliona aibu kumtaja mtu mbele yake. Akasema ni kijana mmoja mwenye kofia.

“Namfahamu,” alisema Bwana Hizza. “Si mtu mbaya. Tatizo lake haraka.”

Akamwelekeza arudi dirisha la nne akaombe maneno yapunguzwe. Kule, Bwana Hizza mwenye kofia alikasirika, akasema hawezi kuingiliwa na watu wa dirisha la tano, na kwamba uhuru wa madirisha ndio nguzo ya nchi yetu. Bi Stamili alikwenda na kurudi mara tisa. Mara ya tisa alimwomba radhi kwa kumchosha, naye Bwana Hizza, ambaye kwa kweli alikuwa ametembea sana, akakubali kwamba jambo lile ni kubwa kuliko dirisha. Akalipeleka kwenye Kamati ya Uthamini. Kamati ingelitembelea gari nyumbani kwake Jumatano, na Ijumaa shauri lingesikilizwa ukumbini, mbele ya fahali.

*

Fahali anaitwa Kigezo. Anafugwa nyuma ya ofisi, kwenye zizi lililozinduliwa na mawaziri wawili. Sheria ilipotungwa alikuwa mnyama mnene, na waliofilisika siku hizo walibaki na magari ya maana. Lakini kila mwaka fungu la majani yake hupitia ofisi saba kabla ya kumfikia, na kila ofisi ina watu wenye familia. Kigezo amekonda. Na kadiri anavyokonda, ndivyo gari ambalo muflisi anaruhusiwa kubaki nalo linavyopungua. Mwaka jana mtu mmoja alipokonywa baiskeli.

Kwa sababu hiyo pamezuka desturi. Kila ajaye kufilisika huja na tita la majani chini ya kwapa, akalitia zizini kimya kimya. Idara haikatazi. Jioni majani hayo hukusanywa na kuuzwa, na fedha zake huchangia chai ya wajumbe wanaosikitikia hali ya fahali.

Bi Stamili alileta majani siku tatu mfululizo, nusu kirikuu kila siku, na alimngojea Kigezo hadi alipomaliza kula. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Alisema si vizuri kumwekea mgeni chakula kisha ukaondoka.

*

Jumanne, siku moja kabla ya ziara ya Kamati, nilimkuta peke yake kwenye ukumbi mwembamba wa madirisha. Nilitaka kumwambia: Bi, usilioshe gari. Liache na matope, livue hata taa moja. Nilikuwa nimelipanga neno hilo tangu asubuhi. Lakini Bwana Hizza alikuwa anapita, mwenye kofia au asiye na kofia sikumbuki, na kilichonitoka kinywani ni kwamba kesho huenda kukawa na vumbi sana.

“Ahsante kunitahadharisha, mwanangu,” alisema, akanishika mkono.

Usiku ule alilifunika gari kwa shuka mbili.

Kamati ilipofika, nami nyuma yake na daftari, tulikuta gari limesimama chini ya turubai kama bibi harusi. Limeoshwa, limepakwa mafuta ya nazi hadi kwenye matairi. Viti vimevalishwa vitambaa vipya, kazi ya jirani yake, fundi cherehani aitwaye Chande. Ndani limefukizwa udi. Kando yake palikuwa na mkeka, sinia la pilau, na birika la kunawia. Kwa Bi Stamili, wageni walikuwa wanakuja kuliona gari lake, na mtu hamtoi mwanawe mbele ya wageni na makamasi puani.

Wajumbe walikula. Walipomaliza, Bwana Hizza alifungua mlango na kuufunga mara nne, akasikiliza. Alinusa, akaandika udi. Alihesabu vitambaa, akaviandika. Mjumbe mmoja aliuliza kama pilau ni sehemu ya gari. Wakashauriana, wakaiandika pembeni.

Majirani nao walikuja kusaidia. Walikuwa wamesikia kwamba jirani yao analitetea gari, wakaja kulisifu. Fundi Chande aliapa halijawahi kulala njiani. Mama Sikudhani, muuza maandazi, alisema angekuwa na fedha angelinunua leo hii kwa bei yoyote watakayotaja, na Bwana Hizza akaomba arudie taratibu aandike. Hata watoto walisema wakubwa wakiwauliza watajibu kwamba lina kasi. Bi Stamili alisimama kando akitabasamu kwa haya, kama mama anayesikia mtoto wake akisifiwa shuleni. Mimi niliandika yote. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mbaya sana, lakini ulisomeka.

Hesabu ikatoka jioni: fahali mmoja na robo tatu.

*

Mtu mwema wa dirisha la ushauri alimweleza Bi Stamili kwamba bado kuna njia. Ijumaa ukumbini alete mashahidi wa kulitukana gari. Kila tusi litakalokubaliwa litapunguza thamani. Bi Stamili akawaendea majirani nyumba kwa nyumba, akawaomba radhi kwa kuwasumbua tena, akawaomba wayaseme maovu ya gari lake. Walikubali wote. Fundi Chande alikesha akiyaandika yake kwenye karatasi.

Ijumaa ukumbi ulijaa, viti vyote arobaini. Kigezo aliingizwa kwa mlango wa pembeni, akasimama kwenye zulia karibu na bendera, mbavu zake zikihesabika. Kirikuu kiliegeshwa mlangoni, kila mtu akione.

Kamishna alifungua kwa hotuba. Alisema kufilisika si aibu, kwa kuwa Serikali yenyewe ilifilisika mwaka jana, tena kwa heshima, bila kupunguza hata gari moja kati ya yale mia nne na kumi na mbili ya viongozi. Iliwezekanaje? Kwa kuona mbali. Magari yale hayajalipiwa hata moja, kwa hiyo hayana mwenyewe, kwa hiyo hayaguswi. Aidha, waziri akitembea kwa miguu anaweza kudhaniwa ni mwananchi, akaulizwa maswali. Wajumbe wakapiga makofi, na viti vikalia chini yao.

Kisha wakaitwa mashahidi wa matusi.

Fundi Chande alisimama na karatasi yake. Alisoma kwamba gari hili ni takataka, ni kopo, ni aibu ya mtaa. Kamishna akaitikia kwa kichwa, na Bwana Hizza akapunguza. Chande akaendelea kusoma: linazima ovyo, kwa mfano usiku ule wa mvua lilipombeba mama yangu mgonjwa, lilizima. Hapo akasita. Bwana Hizza akamuuliza lilizima wapi. Chande alitazama karatasi, akaikunja.

“Mlango wa hospitali,” alisema. “Likamfikisha, ndipo likazima. Mpaka leo mama yangu akiliona hulisalimu.”

Bwana Hizza akaongeza alichopunguza, na zaidi kidogo.

Mama Sikudhani alikuwa ameahidi kusema lina kelele. Akasema, lina kelele mno. Watu wa mtaa mzima hulisikia kabla halijakata kona. Siku mume wake alipofariki alikuwa amekaa ndani peke yake, hajui aanzie wapi, akasikia kelele zile. Akajua viti vinakuja. Na viti vikija, watu wanakuja nyuma yake. Akasema kelele hizo, Mheshimiwa, zinakera sana, akajifuta macho kwa ncha ya kanga na kurudi kukaa.

Wengine sita walikwenda vivyo hivyo. Kila aliyeanza kwa kutukana alimalizia kwa kushukuru, na wa mwisho hakutukana kabisa, aliomba tu dua. Bwana Hizza alikuwa akijumlisha kwa shida. Mwisho alisimama, akasoma: fahali watatu na nusu.

Watu wote wakamtazama Kigezo. Kigezo akalala chini.

Kamishna alisoma uamuzi, maana ulikuwa umekwisha chapwa tangu Alhamisi. Gari limezidi. Litachukuliwa na Idara na kukabidhiwa Wizara ya Sherehe, ambayo kwa miaka minne imepata taabu kubwa ya usafiri.

“Wizara ina viti mia nne na hamsini na haina pa kuvibebea,” alisema. “Sasa, ndugu wananchi, viti vyetu vimepata gari.”

Niliandika sentensi hiyo. Nilipofika kwenye neno vyetu kalamu ilikwama, nikaona nimelichana daftari.

Nikamtazama Bi Stamili. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, kwenye kile kiti cha ishirini na sita, mikono mapajani, ufunguo wa gari katikati ya viganja. Hakulia. Alikuwa na uso ule ule wa siku za kutujulia hali, uso wa mwenyeji anayengoja wageni wamalize.

Lakini shauri halifungwi hivi hivi. Sheria yetu, kwa huruma yake, inataka muflisi aulizwe mara tatu kama ana mali nyingine ambayo hakuitaja, asije akaenda nyumbani na dhamiri nzito.

“Stamili binti Kibwana,” alisema Kamishna, “unayo mali nyingine ambayo hukuitaja?”

“Hapana, Mheshimiwa.”

Wajumbe waliegemea nyuma. Mmoja alikuwa amepandisha miguu yake juu ya kiti alichokalia.

“Unayo mali nyingine ambayo hukuitaja?”

Bi Stamili alimtazama mjumbe yule, akatazama mlangoni kilipokuwa kirikuu chake, akatazama ufunguo. Akasema hapana, Mheshimiwa, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na Kamishna alimtaka aiseme tena kwa ajili ya kumbukumbu.

Mimi si mtu wa kusema. Nyumbani wananijua, ofisini wananijua, na siku ile ya Jumanne nilijijua mwenyewe. Lakini nilikuwa na miguu. Nikaweka kalamu chini, nikasimama. Sikutoka, sikuinua mkono. Nilikisogeza tu kiti changu kutoka mezani na kukilaza taratibu juu ya sakafu, miguu yake ikielekea safu ya nyuma, ili anayetazama aone chini yake pameandikwa nini. Kisha nikasimama pembeni yake, kama mgeni aliyekwisha aga.

Kamishna aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, Mheshimiwa, nimekaa vya kutosha. Akaniambia niandike nikiwa nimesimama, basi, tumalize, chakula kinapoa. Akaigeukia tena safu ya nyuma, akasoma swali la tatu bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

“Kwa mara ya mwisho. Unayo mali nyingine ambayo hukuitaja?”

Bi Stamili alikitazama kile kiti sakafuni kwa muda mrefu. Halafu akainuka. Alijifunga kanga kiunoni, akaweka ufunguo kwenye mfundo wake, na akasema, si kwa ukali, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye nyumbani kwake:

“Ninayo, Mheshimiwa. Ninavyo viti mia nne na hamsini. Arobaini viko humu ndani, mmevikalia. Mmekuwa wageni wangu miaka minne, nami nilikuwa naona haya kuwaambia, nikisema labda mtaondoka wenyewe. Nilikuwa siji kuwajulia hali. Nilikuwa nakuja kuvidai. Sasa huyu mtoto ameinuka, na nyinyi pia inukeni. Gari liko mlangoni, limekuja kuchukua viti vyake.”